Barua ya wazi kwa mdogo wangu wa geto: jifunze kuunga tu

Mdogo wangu,

Naandika hapa wazi kwa sababu wasapu huwa unasoma alafu unakaa kimya, afu najua hauko peke yako, mko wengi tu hapa Dar mmepanga chumba, mna mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao kazi yake ni kuchemsha maji ya chai, jioni mnajipanga kwa kaka wa chips mnasubiri zege, yaani chips mayai. Zege sina ugomvi nayo, hata mi naila, ila kila siku jamani? Na ukiulizwa unasema kupika kunachosha, mara hujui mapishi mengi, mara huna viungo. Mapishi mengi ya nini sasa? Kwani unafungua hoteli?

Mi ninavyoona shida yenu mnadhani kila mboga ina ujuzi wake. Maharage kivyake, dagaa kivyake, mchicha kivyake, basi mtu anachoka kabla hajawasha jiko. Wakati pale nyumbani siku za kawaida mama anafanya kitu kilekile, anaunga. Kitunguu, nyanya, mafuta, chumvi. Kinachobadilika ni kinachoingia humo, ukishakijua hicho wiki nzima unayo.

Sasa kuunga kwenyewe ndo mnakuparamia. Mafuta vijiko viwili vitatu yanatosha, yapate moto, tia kitunguu maji ulichokata chembamba, moto wa wastani, na simu weka kando kwanza, we geuza geuza mpaka kianze kuwa na rangi pembeni. Hapo ndo unatia kitunguu saumu ulichotwanga, sekunde chache tu maana kikiungua kinakuwa kichungu na sufuria nzima inabeba ule uchungu. Kisha nyanya, tatu au nne zilizoiva kweli, na usidharau yale mafungu ya nyanya laini ambayo mama wa genge anashusha bei jioni, kwa kuunga zile ni bora kuliko ngumu za kupendeza. Katakata, tia na chumvi kidogo zitoe maji yake, funika. Usiongeze maji! Hapa ndo wengi wanaharibu, nyanya haijaiva mtu kashamimina kikombe cha maji, unapata mchuzi mchachu maganda yanaelea. We fungua, ponda na mwiko, funika tena, mpaka iwe rojo zito, mafuta yanajitenga pembeni na ile harufu ya ubichi imekata. Hoho na karoti ukiwa nazo weka, huna, acha. Na hivyo viungo vya paketi unavyonunua vitano vitano, sijui vya nini, nyanya iliyoiva vizuri haihitaji kusaidiwa na kila kitu kilichopo dukani.

Haya, maharage. Najua unayaogopa kwa ajili ya gesi na una haki, maharage makavu yanakula gesi kweli. Serikali nayo kwenye mkakati wake wa 2024 inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi, sawa, ila kwa mtungi wa kilo 6 maharage yasiyolowekwa ni kujitakia umaskini. Chagua mawe, osha, loweka ukienda kulala, asubuhi mwaga yale maji weka mengine. Yachemke kwa nguvu dakika 10 kwanza ndo upunguze moto, hasa yale mekundu, usiyaache yakipata uvuguvugu tu muda wote maana maharage mabichi yana sumu ambayo inaondoka kwa kuchemka kisawasawa, ukila yakiwa nusu nusu utatapika na kuhara usingizie maji ya dukani. Nyanya na ndimu visikaribie sufuria mpaka yameiva, uchachu unayafanya yagome kulainika. Na kama yamekaa stoo miaka hayaivi haraka hata uyaombee, nunua kwa muuzaji ambaye mzigo wake unatoka.

Sasa siri ya kukaa geto, USIUNGE SUFURIA NZIMA. Maharage chukuchuku yanavumilia, ukishatia nyanya na nazi kwa joto hili la Dar kesho asubuhi yameshachacha, povu juu. Kwa hiyo chemsha ya kutosha, unga ya leo tu, yaliyobaki weka kwa friji ya jirani kama mnaelewana, huna friji basi yachemshe tena kabla ya kulala na asubuhi, na kesho yake uyamalize, usiyalazimishe yafike keshokutwa. Leo unakula na wali, kesho yanaingia kwenye rojo jipya na chapati za kununua pale nje, nani atajua?

Ukitaka ya nazi, kuna mashine za kukunia karibu kila soko sa hivi, hamna sababu ya kuhangaika na mbuzi. Kamua tui zito weka pembeni, ongeza maji ya uvuguvugu kamua tena upate jepesi. Jepesi linatangulia linachemka na maharage, zito linaingia mwisho kabisa, na hapo usiondoe mkono, koroga taratibu moto mdogo, ukiliacha lichemke kwa fujo tui linakatika.

Dagaa haraka haraka: wa Kigoma wako safi ila bei yake unaijua, wa Mwanza wananunulika ila wengi wanaanikwa chini kwa hiyo wana mchanga. Toa vichwa, osha na maji ya moto mara kadhaa mpaka maji yawe meupe, wakaange wakauke, wamwagie kwenye rojo, kamulia ndimu, pilipili moja nzima bila kuipasua. Na ugali wa moto... mi hapo sisemeshwi.

Mchicha usiupikie maji, tafadhali. Osha kabla ya kukata, yale maji yanayobaki kwenye majani yanatosha, unaingia kwenye rojo, dakika chache, epua ungali kijani. Kijiko cha karanga za kusaga ukitaka kujipendelea. Kisamvu siku za kazi achana nacho, kile lazima kitwangwe na kichemke muda mrefu ndo kiwe salama, subiri ukija nyumbani.

Ugali nisikufundishe, ushakula vya kutosha kujua ukoje, ila mnakimbiza uji. Uache uchemke vizuri ndo uanze kusonga, ule ugali wenu wa harufu ya unga mbichi unatokana na hapo. Dona nunua kidogo kidogo, halikai kama sembe.

Siku ukipata hela nenda soko la samaki la Feri asubuhi na mapema, nunua vibua, angalia macho yawe yanang'aa na ndani ya mashavu pawe pekundu, muuzaji akikataa usifunue mashavu ondoka. Waparue wakutolee matumbo hapohapo, ukifika paka ndimu na chumvi, kaanga kidogo, alafu... unajua wanaingia wapi.

Anza kesho na mchicha maana ndo rahisi. Ukikwama nipigie, sio saa tano usiku lakini, shemeji yako analalamika. Na ile sufuria kubwa ya mama yenye mfuniko uliyoondoka nayo ameshaanza kuiulizia, mi nimesema sijui.

Dada yako