Jamón katika uwanja wa ndege wa Madrid

Mhariri,

Naomba nafasi niwajulishe wasomaji wanaopitia uwanja wa ndege wa Barajas, Madrid, kwamba vile vipande vyembamba vyekundu vinavyouzwa ndani ya mkate au katika karatasi iliyokunjwa kama ya karanga, kwa jina la jamón, ni nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi na hewa bila kupikwa, hivyo asiyeila aulize kabla ya kulipa. Anayeila jamón ibérico, yaani ile ya nguruwe wa mbegu ya Iberia ya huko Hispania, atazame rangi ya lebo: tangu 2014, nyeusi ni ya nguruwe halisi wa Iberia aliyenenepeshwa kwa matunda ya mwaloni, na nyeupe ni ya aliyelishwa nafaka. Kwa mwenye haraka, naona nyeupe inatosha kabisa. Anayeendelea Marekani aimalize kabla ya kushuka, kwani forodha huko ni kali kwa nyama.

Msafiri, Mombasa