Barua ya wazi kwa wakwe waliokabidhiwa trei ya dresingi

Wanangu,

Alhamisi ya nne ya Novemba, Sikukuu ya Shukrani (Thanksgiving) ya Wamarekani, inakaribia. Wapo kati yenu mlioolewa au kuoa Kusini mwa Marekani, huko Georgia, Alabama, Mississippi na Texas, ambao mwaka huu mmeambiwa: bata mzinga tuachie sisi, wewe lete dresingi. Msilichukulie jambo hilo kwa wepesi. Bata mzinga akikauka, ipo grevi, ule mchuzi mzito wa nyama, ya kummwagia na watu watakula. Dresingi haina pa kujifichia.

Kwanza jueni ni kitu gani. Ni mkate wa mahindi uliofikichwa, ukalowekwa kwa supu, mayai, vitunguu, seleri na seji (sage), majani yenye harufu kali, kisha ukaokwa kwenye trei yake. Haujazwi tumboni mwa ndege. Huko tumboni hunywa maji ya nyama mbichi, na hadi katikati yake ifike nyuzi 74 za Selsiasi (165 za Farenhaiti) inayohitajika kwa usalama, kifua cha ndege kimeshakauka.

Mkate uokeni Jumanne, au Jumatano asubuhi. Vikombe viwili vya unga wa mahindi mweupe, nusu kikombe cha unga wa ngano, vijiko vidogo viwili vya beking pauda, nusu kijiko kidogo cha beking soda, kijiko kidogo cha chumvi, mayai mawili na vikombe viwili vya mtindi mwepesi. Kikombe ni mililita 240. Mtindi wetu ule mzito uzimueni kwa maziwa kidogo. Kikaango cha chuma cha inchi 10 kiwekeni ndani ya oveni ya nyuzi 425 za Farenhaiti kikiwa na robo kikombe cha mafuta, hadi tone la rojo likidondoka lilie chwaa. Ndipo mmimine. Mlio huo ndio unaoleta ganda la kahawia chini, na ganda hilo ndilo lenye ladha. Dakika 20 hadi 25 zinatosha.

Kwenye unga ndipo wengi hujikwaa. Madukani kuna unga wa mahindi ambao tayari una chumvi na beking pauda ndani. Someni pakiti, maana mkiongeza tena, mkate utakuwa mchungu na wa chumvi. Ule wa tortila, zile chapati za Meksiko, msiuguse, mahindi yake yamechemshwa kwa chokaa na ladha ni nyingine kabisa. Unga wa sembe wa kusongea ugali unafaa, ila ni laini zaidi na hunywa maji mengi, kwa hiyo ongezeni mtindi kidogo. Na pakiti za mkate wa mahindi zenye sukari ziacheni. Familia nyingine hula mkate mtamu siku za kawaida, lakini sukari ikikutana na seji na supu ya kuku, mtapeleka mezani kitu kisichojua kama ni keki au chakula.

Wazee wa Kusini wengi hutumia mafuta ya bekoni, yaani ya nguruwe. Ninyi Waislamu tumieni samli, au mafuta yanayoelea juu ya supu ya kuku, kitu hakipungui. Ila ulizeni supu imetoka wapi, kwani mara nyingine huchemshwa na mfupa wa nguruwe wa kukaushwa kwa moshi.

Mkate ukipoa, ufikicheni, mwongeze vipande sita vya mkate mweupe wa jana, mtandaze na kuacha wazi usiku kucha. Kama muda hautoshi, saa moja kwenye oveni ya nyuzi 250 za Farenhaiti, mkigeuza mara mbili tatu. Msiruke hatua hii. Mkate ambao haujakauka bado umeshika maji yake, hauna nafasi ya kunywa supu, na matokeo yake ni kitu cha kunata kama gundi.

Asubuhi yake kaangeni vitunguu viwili vikubwa na mashina matano ya seleri, vyote vimekatwa vidogo, kwa gramu 115 za siagi. Moto mdogo, dakika kumi au zaidi, hadi vilainike kabisa. Seleri ikiingia mbichi itabaki kuliakulia kwenye meno, oveni haitaisaidia. Seji kavu iliyofikichwa: anzeni na vijiko vidogo viwili. Harufu yake hupanda ikiokwa, na ikizidi chakula kinageuka dawa. Ile iliyosagwa unga ni kali zaidi, punguzeni nusu. Pilipili manga, basi. Binzari na iliki vikae kabatini. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho.

Sasa supu, na hapa ndipo kazi yote ilipo. Andaeni lita moja na nusu, ya moto, iliyochemshwa kwa kuku mzee au shingo ya bata mzinga. Mimineni vikombe vinne, mchanganye kwa mkono mwepesi, msubiri dakika kumi. Mkate wa mahindi utaendelea kunywa. Ongezeni tena. Mnachotafuta ni mchanganyiko mlegevu kuliko moyo wenu unavyotaka: ukiinamisha bakuli usogee polepole kama uji mzito, ukiukandamiza kwa mgongo wa kijiko supu ijitokeze. Ukisimama wenyewe kama ugali, mtakula makapi. Onjeni chumvi sasa, kabla mayai hayajaingia, hasa kama supu ni ya kopo au ya vidonge. Kisha mayai manne yaliyopigwa.

Trei ya inchi 9 kwa 13 iliyopakwa siagi, oveni nyuzi 350 za Farenhaiti, bila kufunika, dakika 45 hadi 60. Juu iwe kahawia, katikati isichezecheze. Ikitoka kavu, nyunyizeni supu ya moto na mfunike kwa foili dakika kumi. Ikiwa bado majimaji, rudisheni tu.

Hayo ni mapishi ya msingi, si ya mama mkwe wako. Yeye huenda anatia mayai ya kuchemsha, au nyama ya kuku iliyochambuliwa, au chaza kama ni mtu wa pwani ya Ghuba ya Meksiko, au pilipili hoho kama ni wa Louisiana. Ukimwuliza vipimo atakujibu "mpaka iwe sawa". Basi nenda na mizani ndogo, simama kando yake, pima kila anachoshika kabla hakijaingia bakulini, na uandike. Akionja mchanganyiko mbichi, nawe omba kuonja pale pale kabla ya mayai, kwa sababu ladha hiyo ndiyo anayoipimia.

Kitakachobaki kisikae mezani zaidi ya saa mbili. Ijumaa asubuhi kikateni vipande, mkaange kwa siagi kwenye kikaango kile kile, yai juu.

Wasalaam,
Mzee wenu