Mwaka huu tusiipite Mombo hivi hivi

Tabata, Dar es Salaam
12 Desemba 2024

Mama Zulfa, shoga yangu,

Asalaam aleikum. Hujambo? Baba Zulfa hajambo? Watoto, na bibi wa watoto? Sisi hatujambo, ukiacha mafua ya Baraka ambayo hayaishi. Najua umeshaanza kucheka, barua ya karatasi zama hizi! Simu yangu inashikwa na kila mtu humu ndani, na jambo lenyewe sitaki Baba Neema alione kabla halijaiva. Mdogo wake Mama Juma anashuka Mombo kesho, ndiye nimempa. Akikupa na mfuko wa ubuyu ujue ni wako wote, usikubali akuambie mligawane.

Sasa nikupe habari za huku. Jumatatu, sikukuu ya Uhuru, tuliwapandisha watoto treni ya umeme, hii SGR, tukaenda Morogoro na kurudi siku hiyo hiyo. Mtu mzima 13,000, Neema nusu, Baraka bure maana hajafika miaka minne. Stesheni yenyewe kwa nje imejengwa kama jiwe la tanzanite, Baba Neema akataka tupigwe picha kila kona kama watalii. Saa mbili hazikutimia tukawa tumefika. Ingekuwa inapita Mombo ningeshahamia kwako. Morogoro hatukufanya la maana, tulikula chipsi mayai tukakaa kutazama milima ya Uluguru. Neema akaniuliza, "Mama, bibi anakaa kule juu?" Nikamwambia hapana, mlima wa bibi uko mbali kidogo. Akaitikia, "Eeh, Rombo."

Nilinyamaza, Mama Zulfa. Mtoto ana miaka mitano, na bibi kwake ni mmoja tu, mama wa baba yake.

Nitarudi hapo. Kariakoo tulikwenda Jumamosi, nguo za sikukuu. Tangu lile ghorofa lianguke mwezi uliopita nilikuwa sina hamu ya kukanyaga kule, lakini nguo za watoto utazinunua wapi kwa bei ya kueleweka? Mtaa wa Kongo haupitiki, mnatembea mmebanana, Baraka yuko mabegani kwa baba yake anavuta vilemba vya watu na mitandio iliyotundikwa. Neema akang'ang'ania viatu vya taa. Muuza akampima kwa kukanyaga, akanipa vinavyozidi vidole viwili, "chukua mama, huyu anakua". Anavivaa mpaka kitandani, usiku chumba kinawaka nyekundu na bluu. Halafu kuna Baba Krismasi wa dukani, kijana wa watu kavishwa koti la manyoya na ndevu za pamba katika joto hili la Desemba, jasho linamdondoka. Baraka alivyomwona alipiga yowe mpaka mlinzi akaja. Picha tukailipia vilevile.

Na Jumapili ya tarehe 22, ya nne ya Majilio, Neema anaigiza kanisani. Ni kondoo. Neno lake ni "mee" tu, na analifanyia mazoezi saa kumi na moja alfajiri. Nimemshonea pamba kwenye fulana ya zamani ya baba yake, inapukutika nyumba nzima, hata kwenye maharage tunaikuta. Kwa hiyo hatutoki Dar mpaka Jumatatu ya tarehe 23.

Hapo ndipo penye jambo langu. Unawajua Wachaga na Desemba yao, lazima warudi Kilimanjaro wakahesabiwe. Sina ugomvi na mama mkwe, usinielewe vibaya. Mama wa watu ananipenda, nikifika nawekewa mtori kabla sijafungua begi, na mbuzi wa watoto anakuwa keshafungwa tangu wiki iliyotangulia. Shida yangu ni njia. Kila mwaka tunapita hapo Mombo njia panda, nainua macho naiona barabara ya Soni inavyopanda, nusu saa tu, halafu basi linakaza mwendo kwenda Same. Mama yangu, yuko kule Soni, anafuatilia kwa simu. "Mmefika Segera? Mmefika Korogwe?" Tukifika Mombo anasema, "Haya, piteni salama."

Mwaka jana ulikuwepo kituoni. Ulimwona ameshuka na kapu la pichesi na matunda damu, amevaa sweta lake la Soni, joto la Mombo lile! Basi lilitupa dakika za chai. Baraka alikuwa amelala, nikataka kumwamsha, akanikataza. Akamshika kidole cha mguu basi, akawa anakiminyaminya huku anaongea na mimi habari za mbolea. Konda akagonga bati. Ulichonisimulia baadaye, kwamba alibaki pale mpaka saa ngapi, sijamwambia Baba Neema hata leo. Nilianza siku moja, tukaingiliwa na taarifa ya habari, ikaishia hapo.

Miaka yote jibu lake lilikuwa "basi halisubiri mtu". Sawa. Mwaka huu ana gari! Kanunua Toyota IST ya mkononi, anaiosha kuliko anavyooga. Basi halimo tena katika hadithi, lakini nikigusa habari ya Soni ananiambia, "Tutaona tukirudi." Wakati wa kurudi hela zimekwisha na likizo imekwisha, unamjua.

Nakuomba hivi. Sisi tutoke hapa alfajiri, mchana tuwe kwenu. Wewe pika. Baba Zulfa ndiye aseme, siyo mimi wala wewe: shemeji, gari limechemka, umechoka, una watoto, twende tukamsalimie mkweo, mlale, kesho alfajiri mwendelee. Wewe unajua Baba Neema hawezi kumkatalia Baba Zulfa tangu lile la siku ya harusi. Wakianza Simba na Yanga jua litazama lenyewe. Tarehe 24 jioni tutakuwa Rombo, mbuzi anachinjwa 25, kisusio chake, ile supu ya damu, atakikuta. Nani atakuwa amedhulumiwa hapo?

Kusema kweli usiku mmoja haunitoshi. Nataka Neema aione Krismasi yenyewe ya kule, aone bibi anavyowasha mishumaa minne juu ya sinia na majani ya mvinje, anavyotuimbisha tenzi kwa sauti ya juu kuliko kwaya. Nataka avushe sahani ya pilau kuja kwenu ng'ambo ya bonde kama tulivyokuwa tunatumwa, bibi yako aonje aseme chumvi haitoshi, halafu Idd sahani ile ile irudi na kaimati. Huku Dar nawasha mishumaa yangu mezani kila Jumapili, nazima feni isije ikaizima, tunakaa na joto hilo mpaka Baba Neema anauliza kwani ibada inaisha saa ngapi. Lakini nikiomba Krismasi nzima nitakosa hata huo usiku. Au unaonaje? Nimwambie yeye mwenyewe kabla, nikae naye tu kama watu wazima? Nikifikiria naona... hapana, kwanza Baba Zulfa.

Mvua za vuli huko zikoje? Barabara ya Soni haijaporomokewa na mawe? IST itapanda na sisi wanne na masanduku, au tuache mizigo kwako? Mama umemwona karibuni, mguu unaendeleaje, maana kwenye simu kila siku "mzima"? Pichesi zimeanza kuiva? Baba Zulfa bado anafika kijiweni jioni au ratiba imebadilika? Zulfa amefaulu darasa la saba, na amepangiwa wapi? Na yule jamaa wa Bumbuli kaoa kweli, au ni maneno ya Mama Juma?

Usinijibu kwa meseji. Nipigie tu uniulize bei ya mchele Tandale. Ukisema "kumbe imepanda", nitajua Baba Zulfa amekubali, nianze kumnunulia mama sweta jipya.

Wako,
Mama Neema