Kwa nini picha za sainasi ni tatu, na kwa nini tunakusimamisha

Juzi mama mmoja aliyevuka na kivuko cha Kamanga aliondoka hapa kwetu, chumba cha eksirei Mwanza, kwa hasira. Daktari kamwandikia eksirei ya sainasi, sisi tukamtajia picha tatu, akaona tunamkamua. "Kinachouma ni shavu moja tu, hizo nyingine za nini?" Si wa kwanza kuuliza hivyo.

Sainasi, yaani vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, ziko jozi nne, na hakuna picha moja inayozionyesha zote vizuri. Picha iitwayo Waters ni ya mashavu: kidevu kinagusa ubao wa kupigia picha, uso umeinuliwa nyuzi 37. Ya pili, Caldwell, paji na pua vinagusa ubao, mionzi inashuka nyuzi 15, ndipo tunaona za paji la uso na zilizo katikati ya macho. Ya ubavu inatuonyesha ile iliyojificha nyuma kabisa ya pua.

Waters ndiyo inayokula muda wetu. Kidevu kikishuka kidogo tu, mfupa mgumu wa sikio unapanda juu ya sehemu ya chini ya sainasi, na usaha hukaa hapohapo chini. Ndiyo maana nakushika kichwa, narudi nyuma, naangalia, nakuja tena. Si kwamba sijui kazi.

Kijana mmoja wa Mwaloni Kirumba alitafuta ya bei rahisi, akapigwa moja, tena amelala chali. Usaha ulitandaa, picha ikaonyesha ukungu tu. Wiki tatu anameza dawa za mafua. Alipokuja kwetu tukamsimamisha, na shavu la kulia likaonyesha usaha umetulia chini, juu yake mstari ulionyooka kama ziwa asubuhi kabla ya upepo. Alilipa mara mbili, akapigwa mionzi mara mbili, na siku za kuvua zikampita.

Na tungekuwa wa kukamua, tusingewarudisha wazazi. Mtoto wa miaka minne sainasi za paji la uso bado hazijakua, kwa hiyo kabla ya kumpiga Caldwell tunampigia daktari wake simu kwanza.

Mkija, vueni hereni, cheni na meno ya bandia, na pini za nywele zibaki nyumbani. Pini moja imewahi kunifunika paji zima la mteja, tukarudia kwa gharama yetu.

Mama wa Kamanga, fomu yako uliiacha kaunta. Tumeitunza.