Macho bado hatujamaliza

Morogoro, Jumapili jioni

Shoga yangu mpenzi,

Ujumbe wako ulinikuta jikoni, nikakaa chini nikalia. Mtoto ana gramu 1,900, na mmeruhusiwa! Nakumbuka usiku ule uliponipigia akiwa na gramu 1,200, unanong'ona utadhani sauti yako ingemuumiza. Hongera sana, mama. Kumbeba kifuani usiku na mchana hakukupotea bure.

Lakini umeniandikia kwamba daktari amempima, retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha, iko salama, "kwa hiyo macho tumemaliza." Hapo roho ilinishtuka, maana maneno hayohayo niliyasema mimi.

Kipimo kile kina kazi yake. Mishipa ya damu ya retina huanza kukua mimba ikiwa na wiki kama 16, hukamilika ikikaribia wiki 40. Njiti huzaliwa mishipa ikiwa bado njiani, na oksijeni ikizidi inaweza kuivuruga. Usiichukie oksijeni, ndiyo iliyompa pumzi mwanao. Ila siku ile walikuwa wanatafuta ugonjwa wa mishipa hiyo. Jicho vivu, yaani jicho ambalo ubongo umeacha kulitumia, huja baadaye, kimyakimya. Njiti hupata makengeza na uhitaji wa miwani zaidi kuliko watoto waliotimiza miezi, hata retina ikiwa salama, na humo ndimo jicho vivu linamozaliwa.

Wangu, naye njiti, hakuwa na kengeza hata kidogo. Macho yamenyooka, kila mtu anayasifia. Akiwa na miaka minne na nusu, siku moja binamu yake akamfunika jicho la kulia kwa mchezo. Akasimama palepale, akaniambia, "Mama, mwambie atoe mkono, sikuoni uso."

Kumbe jicho la kushoto halikuwa linaona mbali kabisa, na la kulia lilikuwa zuri. Daktari wa macho alinieleza kwamba ubongo ulikuwa unaletewa picha mbili, moja safi na moja yenye ukungu, ukaizoea ile safi na kuiacha nyingine. Jicho halikuwa na kidonda wala uchafu. Ubongo ndio haukujifunza kulitumia. Tulikojifungulia hakuna aliyeniambia nirudi baada ya kile kipimo cha kwanza, nami sikuuliza. Linaniuma mpaka leo.

Alipewa miwani, kisha lile jicho zuri likawa linafunikwa kwa plasta muda wa saa mbili kila siku ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Wiki ya kwanza ilikuwa vita. Alilia, akaibandua, akaificha chini ya godoro. Kilichotuokoa ni mchele! Nilimwekea ungo mapajani, akawa anaokota kokoto moja moja na kuzihesabu kwa sauti, na zile saa mbili zikawa zinakwisha bila ugomvi. Sasa ana miaka sita. Jicho la kushoto halijalifikia la kulia, lakini linasoma kitabu cha shule. Daktari alisema tungechelewa hadi miaka saba au minane, kazi ingekuwa ngumu mara dufu.

Kwa hiyo nakusihi, mrudishe kabla hajatimiza mwaka, kisha kila mwaka mpaka aanze shule, hata ukiona hana neno. Siku za mwanzo macho yakicheza usiogope. Ila ukihesabu kutoka tarehe uliyotarajiwa kujifungua, akapita miezi minne na jicho bado linakwenda pembeni, usimsikilize anayekwambia kengeza ni urembo. Akikua kidogo, mfunike jicho moja moja ukicheza naye. Akikasirikia upande mmoja tu, mpeleke. Na kadi yake iandikwe wazi alizaliwa wiki ya ngapi. Kila daktari atakayemwona muoneshe.

Jumamosi nakuja na unga wa ulezi. Ukipangiwa tarehe ya macho nitumie mapema, niombe ruhusa kazini twende wote.

Mbusu kisogoni kwa niaba yangu.

Mwenzio wa tangu shule