Barua ya wazi kwa Waziri wa Mazingira: X nyekundu na bomba la Msimbazi

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Nimezaliwa Vingunguti, Dar es Salaam, na mpaka leo nakaa huku huku bondeni, naomba uisome hii barua yote.

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, nilishaenda, kule juu maji meupe kabisa unaona mchanga chini. Unashuka Gongo la Mboto, Ulongoni, ukishafika upande wa viwanda vya Barabara ya Nyerere ndo unabadilika, halafu hivyo hivyo unapita Tabata, Kigogo, Jangwani mpaka baharini pale Selander.

Mama analima mchicha kando ya mto, ndo uliotusomesha. Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku nikaenda kuchota na keni nikakuta maji ya bluu kama wino, povu limeganda kwenye matete, ukizamisha mkono unatoka na utelezi na harufu inakaba koo. Wiki ile matuta yote majani yaliungua pembeni. Sisi wa huku tunajua, mvua kubwa ikishika usiku kuna watu wanafungulia maji machafu yaingie mtoni, mto umejaa nani ataona? Na mchicha huo unaliwa mjini mheshimiwa, inaniuma kuandika hivi lakini mama hana shamba lingine.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Sawa. Mwishoni mwa 2015 tuliona inavyotekelezwa, X nyekundu ukutani kwamba nyumba inabomolewa, katapila, watu wanalala nje na watoto. Sasa kuna bomba linatokea chini ya ukuta mmoja huku kwetu, nimelipima kwa hatua hazifiki 20 mpaka kwenye maji, mbona lenyewe halina X?

Najua kuna mradi wa bonde, ule mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, na daraja jipya Jangwani, tunashukuru sana maana mafuriko yametumaliza. Ila maji yatakayopita chini ya hilo daraja ndo haya haya ya kwetu.

Naomba tuma wapimaji usiku, mvua ikinyesha, sio saa nne asubuhi na magari yanayoonekana tangu barabarani. Waanzie Pugu washuke na mto wakichota maji kila baada ya bomba, alafu majibu yabandikwe ofisi za serikali za mitaa tuyasome wenyewe. Njia za bondeni nazijua zote, nitawapeleka mimi, na tochi ninayo.