Somo Yangu, Bi Shakila Ni Wa Kwetu

Mbagala, Dar es Salaam

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti niliupata nikiwa kwenye daladala, konda anaita abiria, sikuelewa kitu mpaka nilipofika nyumbani nikausikiliza upya. Huku sote wazima. Mama hajambo, ni magoti tu yanamsumbua, anakusalimu sana na anauliza lini utakuja.

Sasa hilo la mwanao limenichekesha. Mtoto kazaliwa Muscat, kakulia Muscat, leo kaikuta sauti ya Bi Shakila, mwimbaji wa taarab, kwenye simu ndiyo anakuuliza, "Mama, huyu kweli wa kwenu?" Mjibu bila kusita: wa kwetu, wa Pangani, Tanga. Na umwambie ajiandae kubishana, maana mimi mwenyewe juzi nimebishana na shemeji yangu hapa mpaka chai ikapoa. Yeye kashikilia kwamba taarab ya sauti ile lazima iwe ya Unguja. Watu wa Dar wengi ndivyo walivyo, ukitaja taarab tu wanatazama baharini. Sijui wanadhani sisi wa Tanga tulikuwa tunaimba katani!

Nilimwambia, shemeji, mlango wa taarab ni Unguja, hilo hatubishi. Sultani Sayyid Barghash ndiye aliyempeleka mtu Misri akajifunze ganuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na kikundi cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905. Lakini Tanga nao walifanya lao. Vikundi vyetu vya Black Star na Lucky Star, miaka ya 1960 na 1970, havikukaa na msururu wa fidla. Vilishika magitaa ya umeme na besi, vikaweka mwendo unaokaribia dansi, na wimbo vikaukata mfupi uenee kwenye upande mmoja wa santuri. Vyombo vikiwa vichache, mwimbaji hana pa kujificha, kila mtu anamsikia anavyovuta pumzi. Humo ndimo alimopitia Bi Shakila. Hata Wazungu walikuja kulijua hilo. Mwaka 1989 kampuni moja ya London ilikusanya nyimbo za Black Star na Lucky Star ikazitoa kwenye albamu moja. Shemeji alinyamaza. Hakukubali, alinyamaza tu, na kwake hiyo ni hatua kubwa.

Lakini najua mwanao hataki habari za magitaa. Anataka kujua sisi tulimsikiaje. Mweleze habari ya redio ya babu yako, ile iliyokuwa inakaa barazani imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mweleze tulivyopandisha betri juu ya bati zikaote jua, kwa sababu madukani hazipatikani, na babu yako alivyozihesabu jioni akidhani tunamwibia. Redio ikipata nguvu, Radio Tanzania inashika, inapotea, inashika tena, upepo ukigeuka unasikia Kiarabu. Halafu katikati ya vurugu hiyo, Bi Shakila.

Shangazi yako alikuwa na mbuzi ya nazi pale uani. Wewe unakumbuka vizuri kuliko mimi, ila mimi nakumbuka mkono wake. Ukianza "Macho Yanalia", mkono unasimama. Kifuu kimeshikwa, nazi nusu imekunwa, na yeye katazama ukuta. Hakulia hata siku moja. Wimbo ukiisha anaendelea kukuna kwa fujo, ole wake atakayemsemesha. Sisi tulikuwa tunajua ana jambo lake la zamani, na mpaka leo hakuna aliyetuambia.

Na "Kifo cha Mahaba" je? Tulikatazwa kuuimba. Watoto wa chuo cha Kurani, buibui bado kubwa kwetu, tunapita njia ya sokoni tunaimba habari za mahaba na kifo chake! Nakumbuka bibi mmoja alitusimamisha akauliza, "Nyinyi nani kawafia?" Tukakimbia. Tulipofika darasa la juu tukaandika mashairi yake kwenye madaftari ya nyimbo, yale yenye maua ya kuchora pembeni na majina ya wavulana kwa herufi moja moja. Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo mpaka leo nawaambia watu. Bi Shakila unaweza kumwandika anavyoimba. Hukimbizani naye. Neno analitoa zima, anakuachia nafasi, kisha analeta jingine. Kuna waimbaji nawapenda sana, lakini ukitaka kujua wamesema nini sharti umuulize jirani.

Na jambo lenyewe linaweza kuwa zito, yeye habebi sauti ya msiba. Anasema tu. Wenzake wengine wakifika penye uchungu wanatetemesha, wanakazana, msikilizaji ajue kwamba hapa ndipo pa kulia. Bi Shakila anapita hapo kwa mwendo uleule, anakuacha wewe ujiangalie mwenyewe. Nadhani ndicho kilichokuwa kinamkamata shangazi.

Baadaye Bi Shakila alihamia huku Dar, akaimba na taarab ya jeshi. Dar wakati huo ilikuwa na vikundi vyake vya siku nyingi, akina Al-Watan na Egyptian, watu wa suti na heshima zao. Halafu vikaja vile vya miaka ya 1990, TOT (Tanzania One Theatre) na Muungano, mipasho ikapamba moto, wanawake wakagawana pande kama mashabiki wa Simba na Yanga. Sitajifanya mtawa, somo, nilikwenda, nilicheza, na nilirusha roho. Ila mipasho ina adui, lazima awepo mtu wa kupigwa dongo. Nyimbo za Bi Shakila hazina haja ya adui, ndiyo maana hazijazeeka pamoja na ugomvi wa watu.

Wiki iliyopita kulikuwa na harusi mtaa wa nyuma. DJ, kijana mdogo, kapiga singeli mpaka glasi zinatikisika. Saa sita usiku akaweka "Macho Yanalia". Wasichana wakarudi kwenye viti, na kina mama wakainuka. Pole pole, noti mkononi, wanakwenda kutunza. Wamtunze nani sasa? Mwimbaji hayupo. Mama mmoja mwenye gauni la zambarau akasogea mpaka kwenye spika, akaweka noti ya elfu mbili juu yake, akarudi kwa madaha vilevile. Wengine wakafuata. DJ akazikusanya zote baadaye. Halali au haramu, mwulize shekhe wako.

Bi Shakila alifariki Agosti 2016, hapahapa Mbagala, Charambe. Mimi nilikuwa sokoni Rangi Tatu, simu za watu zikaanza kulia, wakaulizana ni kweli au ni uzushi. Kijana aliyekuwa ananipimia viazi aliuliza Shakila ndiye nani. Mama wa pembeni akamwimbia mstari mmoja tu, kijana akasema, "Ah, huyo! Bibi anamwimba kila siku." Siku hiyo redio zote zilimpiga. Mimi furaha yangu ilikuwa na doa, maana nilikuwa najiuliza kupigwa kwote huko maishani kulimletea nini. Waimbaji wa rika lile walirekodi, wakalipwa kidogo siku hiyo, basi. Wimbo ukapigwa miaka na miaka, wao wanausikia kama sisi tunavyousikia. Sheria ya Hakimiliki tuliyo nayo sasa imepitishwa 1999, wakati nyimbo zilizowapa jina zimeshaimbwa zamani. Hili mweleze mwanao pia, asidhani umaarufu wa enzi zile ulikuwa na magari.

Akitaka kusikiliza, aanze na "Kifo cha Mahaba", kisha "Macho Yanalia". Asitumie spika ya simu, besi yote inapotea, na kwenye taarab ya Tanga besi ndiyo inayomtembeza mwimbaji. Avae visikilizio, atulie.

Na nina ombi. Mama yako alihama na sanduku la santuri, nililiona kwa macho yangu likipakiwa. Muulize kama bado lipo. Kama lipo, tafadhali usimpe fundi yeyote akazisafishe kwa dawa, zipangusie kitambaa kikavu, na uzipige picha lebo zake zote, pande mbili, unitumie. Nataka kuona majina ya wapigaji, maana mwimbaji tunamjua, wale wa magitaa hatuwajui. Zaidi nataka picha moja niliyoahidi kumwonyesha shemeji: lebo yenye jina la Tanga. Ananingoja Ijumaa baada ya swala.

Wasalimie wote hapo.

Ni mimi somo wako